Mashua Nayo Ina Haki ya Kusikika



Mkazi wa Tanga hahitaji kufundishwa kuwa bahari ni njia. Kutoka Sahare, Moa, Pangani na Kipumbwi, vyombo vya mbao huwavusha watu na mizigo yao kwenda Pemba na Unguja. Swali la leo ni hili: chombo kama hicho kikipinduka katikati ya Mkondo wa Pemba, nani atapata habari, na kwa wakati gani?

Kwa meli kubwa jibu lipo. Mwaka 1979 Marekani, Umoja wa Kisovieti, Kanada na Ufaransa zilikubaliana kutumia setelaiti kusikiliza miito ya hatari, na mwaka 1982 watu wa kwanza wakaokolewa kwa njia hiyo. Tangu Agosti 1, 1993, mkataba wa usalama wa baharini unazilazimisha meli za abiria, na za mizigo zenye ujazo wa tani 300 na zaidi, ziendazo safari za kimataifa, kuwa na redio ya hatari. Meli ikizama, redio hiyo hujifungua yenyewe, ikaelea na kutuma ishara kwa megahezi 406. Setelaiti huipokea, kituo cha nchi kavu kikaarifiwa, na waokoaji wakaelekezwa mahali. Betri yake hudumu saa 48, na anayeita hatozwi hata senti.

Lakini safari ya Tanga kwenda Pemba ni ya ndani ya nchi, na mkataba wenyewe umeviweka kando vyombo vya mbao vya ujenzi wa asili. Hivyo mwenye nyenzo nyingi amelindwa, na asiye na kitu ameachwa. Januari 2017 boti iliyotoka Tanga kwenda Pemba ilizama karibu na kisiwa cha Jambe, na watu 12 wakapoteza maisha. Hatukukumbushwa na mkataba. Tulikumbushwa na misiba.

Leo zipo redio za aina hiyo zinazoenea mfukoni. Yatupasa basi tudai kwamba kila chombo kinachovusha abiria kiwe nayo, na wenye vyombo wanunue kwa ushirika pale mmoja mmoja asipomudu. Isajiliwe pia, kwani ishara isiyosajiliwa ni barua isiyo na jina la mwandishi: kituo hakitajua ni chombo gani wala kimpigie nani simu.

Wala redio isiwe kibali cha kujaza watu. MV Spice Islander, iliyozama Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba, ilikuwa imepakia kupita kiasi. Setelaiti huita waokoaji, haipunguzi uzito.

Ndugu zangu, afisa wa bandari akague, mwalimu afundishe, abiria aulize kabla ya kupanda. Anayevuka kwa mashua naye ni mwananchi.