MAUMIVU YA SHINGO BAADA YA AJALI: DALILI, TIBA NA KUPONA

Mazungumzo kwa Watumishi wa Serikali na Wananchi wa Wilaya za Biharamulo na Ngara

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Kahama huingia kwetu Nyakanazi na Lusahunga, kisha huelekea Ngara, ambako malori hushika njia ya Rusumo kwenda Rwanda au ya Kabanga kwenda Burundi. Barabara hiyo ni neema kwetu, nayo pia huleta ajali.

Ajali inapotokea, macho ya watu huelekea kwenye damu na mifupa iliyovunjika, na ndivyo inavyopasa. Lakini yupo majeruhi mwingine ambaye hushuka garini kwa miguu yake, hujikung'uta vumbi na kwenda zake. Kesho yake hawezi kugeuza shingo. Huyo ndiye tunayemzungumzia leo.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito unaokaribia kilo 5, sawa na robo debe la maji, nacho kimebebwa na mifupa 7 ya shingo ikisaidiwa na misuli na kano. Gari likigongwa kutoka nyuma, kiti husukuma kiwiliwili mbele ilhali kichwa kimebaki nyuma. Mara kichwa nacho hurushwa mbele. Yote hayo hutokea katika muda usiofika nusu sekunde, kabla misuli haijawahi kujikaza. Shingo hupigwa mfano wa ncha ya mjeledi, na ndipo madaktari walipopata jina la jeraha hili. Si lazima gari liwe katika mwendo mkali, wala si lazima liwe gari: abiria wa pikipiki aliyeanguka aweza kupatwa vivyo hivyo.

Dalili zake ni maumivu na ukakamavu wa shingo, maumivu ya kichwa yanayoanzia kisogoni, na maumivu ya mabega na mgongo wa juu. Wengine huona kizunguzungu, huchoka upesi, hukosa usingizi au hushindwa kutuliza mawazo kazini. Mara nyingi dalili hizi hazijitokezi papo hapo, bali baada ya saa kadhaa, na pengine baada ya siku moja au zaidi. Kwa hiyo mtu asiseme "mimi mzima" kwa kuwa tu hakuumia alipokuwa pale barabarani.

Mwaka 1995 wataalamu waliokutana Quebec, nchini Canada, waliyagawa majeraha haya katika madaraja. Daraja la chini ni la asiye na malalamiko yoyote. Hufuata maumivu peke yake. Kisha maumivu yaliyoambatana na shingo kushindwa kugeuka vizuri. Kisha dalili za mishipa ya fahamu kuguswa. Na daraja la juu kabisa ni la mfupa uliovunjika au kuteguka. Wengi wa majeruhi wamo katika madaraja ya chini. Hata hivyo, ni mganga wa hospitali atakayesema mtu yumo daraja gani, si jirani wala utingo.

Zipo dalili zisizongoja kesho: ganzi au udhaifu wa mikono au miguu, kushindwa kuzuia haja, maumivu makali katikati ya mfupa wa shingo, na kupoteza fahamu. Mwenye dalili hizo asiinuliwe ovyo wala kupakiwa kwenye pikipiki. Alazwe chali, kichwa na shingo vishikwe vikae sawa na mwili, apelekwe hospitali akiwa juu ya ubao au machela. Wazee wenye umri wa miaka 65 na zaidi nao wapimwe, hata kama maumivu yao ni madogo.

Ndugu Wananchi, tunawaomba kwa mkazo: shingo ya mtu aliyetoka ajalini isichuliwe kwa nguvu wala kuvutwa au kukunjwa ili "irudi mahali pake". Kama upo mfupa uliovunjika, mkono wenye nia njema unaweza kumpoozesha mgonjwa.

Hospitali ikishathibitisha kuwa hakuna mfupa uliovunjika, tiba ni nyepesi. Dawa ya kutuliza maumivu kama parasetamoli hutumika kwa kipimo alichoelekeza mganga. Kitambaa cha maji ya moto kiasi hulegeza misuli. Kola ya shingo isivaliwe kwa majuma mengi, kwani misuli isiyofanya kazi hudhoofika. Mgonjwa ageuze shingo polepole kulia na kushoto, juu na chini, mara kadhaa kwa siku, bila kujilazimisha. Arudie kazi zake kidogo kidogo. Lakini ndoo ya maji, mzigo wa kuni na mkungu wa ndizi visipande kichwani mpaka maumivu yaishe. Ndugu wa nyumbani wampokee kazi hiyo kwa muda.

Walio wengi hupona katika muda wa miezi 2 hadi 3. Wachache huendelea kuumwa kwa muda mrefu zaidi, nao wasikate tamaa, bali warudi hospitali wapatiwe mazoezi ya viungo na ushauri.

Kwa wakuu wa idara tunasema hivi: picha ya eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi misuli na kano zilizovutika. Picha ikiwa safi, haina maana kuwa mtumishi anasingizia. Apewe kazi nyepesi kwa kadiri ya ushauri wa daktari. Naye mtumishi aliyeumia akiwa kazini amwarifu mwajiri wake mapema, kwa kuwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamhusu. Ajali iripotiwe polisi na fomu ya PF3 itunzwe, maana maumivu yanayochelewa huwa magumu kuthibitishwa pasipo kumbukumbu.

Mwisho, kinga. Tufunge mikanda. Kiegemeo cha kichwa kiinuliwe kifike usawa wa kisogo, kisiachwe chini shingoni. Dereva aache nafasi ya kutosha kati yake na gari lililo mbele, hasa penye matuta na miteremko.