Mapunye ya Watoto na Hofu ya Bwawa

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama na jamaa zao, Kitengela)



Kamati imetutuma tuseme juu ya jambo dogo lililozaa ugomvi mkubwa. Mnajua ya kuwa safari ya watoto wetu kwenda kuogelea ilikuwa imekwisha pangwa. Nauli ya basi ilikwisha changwa, na kila mzazi alikwisha andikisha jina la mwanawe. Kisha mtoto mmoja akaonekana ana mapunye kichwani, akafuata wa pili, na wa tatu. Hapo baadhi yetu wakasema watoto wale watatu wafutwe majina. Wengine wakasema safari yote ivunjwe, maana bwawa ndilo liletalo ugonjwa. Jambo la ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja wa watoto wale aliyepata kuingia katika bwawa tangu azaliwe. Mmoja wao siku hizi huvaa kofia hata ndani ya nyumba, na wenzake humvua kwa nguvu wapate kucheka.

Basi tulikwenda tukauliza hospitalini, tukasoma yaliyoandikwa na wenye elimu hiyo, na leo twawaletea tuliyoyapata.

Waingereza huupa ugonjwa huu jina la mnyoo, lakini mnyoo haumo. Ni kuvu, ndugu ya ile kuvu iotayo juu ya mkate uliolala. Chakula chake ni ngozi ya juu iliyokufa, na nywele, na kucha. Ikishika mwilini hufanya duara mfano wa shilingi, ukingo umeinuka na kuwasha, katikati kumeanza kupona. Hicho ndicho tukiitacho choa. Ikishika kichwani ndiyo mapunye: nywele hukatika, ngozi hutoa magamba meupe kama majivu, na penye nywele zilizokatika huonekana vidoadoa vyeusi. Lakini aina moja iliyoenea sana Afrika Mashariki, ambayo madaktari huiita Trichophyton violaceum, mara nyingi haichori duara lo lote. Mama huona magamba tu, hudhani ni mba, humpaka mtoto mafuta, na siku zapita. Wakati huo mtoto alala kitanda kimoja na nduguze.

Yafaa tujue pia kwa nini mapunye huwashika watoto zaidi kuliko sisi wazee. Mtu akibalehe, ngozi ya kichwa hutoa mafuta ambayo kuvu hii haiyapendi. Hata hivyo mtu mzima aweza kuibeba asiwe na alama hata moja, na kumpa mtoto wake pasipo kujua. Kwa hiyo mtoto mmoja akionekana nayo, nyumba nzima itazamwe vichwa, pamoja na baba.

Sasa, yaeneaje? Sisi wa reli tutafahamu upesi: kuvu haina miguu, husafiri kwa kupakiwa. Mbegu zake hukaa juu ya unywele uliokatika na juu ya gamba la ngozi, na zaweza kukaa hai miezi mingi zikingoja. Hupanda chanuo, hupanda kofia, hupanda mto wa kulalia, kitambaa cha kichwa, taulo. Lakini gari lake kubwa ni kichwa kwa kichwa, watoto wanapocheza na kulala pamoja, na la pili ni mashine ya kunyolea.

Hapo hatuna budi kusema kwa uwazi. Jumapili kabla ya shule kufunguliwa, tazameni kwa vinyozi wa mji huu. Watoto wamejipanga, mashine ni moja, na yatoka kichwa hiki kwenda kichwa kile bila kupumzika. Hatuwalaumu vinyozi, ni wafanya kazi kama sisi, na ukimwambia angoje dakika kumi kila baada ya kichwa, siku yake itakwisha hajapata kodi ya chumba. Wala sisi majumbani hatufanyi vizuri zaidi. Baba anunua mashine yake ili kuokoa fedha, kisha awanyoa watoto wake wanne na wa jirani wawili kwa mkupuo mmoja.

Wengi wetu tuliosoma shule za misheni twakumbuka tulivyopangwa mstari tukanyolewa wote kwa mkasi mmoja. Bwawa hatukuwa nalo. Tulikuwa na mto, na wakati wa kiangazi hata mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Lakini mapunye tulikuwa nayo tele. Na hata juzi juzi wachunguzi walikwenda Mathare, Nairobi, wakapima watoto wa shule za msingi, wakachapisha habari zao mwaka 1915 na miaka mia, yaani 2015. Waliyakuta mapunye kwa watoto wengi. Hatudhani watoto wa Mathare waliyapata kwa kuogelea mabwawani.

Kwa ndugu zetu wa Kajiado na wale walio njia ya Magadi iko njia nyingine tena. Kuvu nyingine hutoka kwa wanyama. Mtazameni ndama mwenye magamba ya kijivu kuzunguka macho na shingoni: hicho ni choa cha ng'ombe, na mtoto anayemshika ndama na kumkumbatia hukipata mikononi, usoni, hata kichwani. Paka wadogo na watoto wa mbwa nao huleta aina yao. Choa kitokacho kwa mnyama aghalabu huwa kikali. Pengine kichwa huvimba, huwa laini, hutoa usaha, na watu hudhani ni jipu. Msikubali lipasuliwe. Si jipu, ni mwili unaopigana na kuvu, na dawa yake ni ile ya kuvu. Mkichelewa, mahali pale huenda pasiote nywele tena maisha yake yote.

Tuje kwenye bwawa lenyewe. Kuambukizwa mapunye kwa njia ya maji ya bwawa lililotiwa klorini sawasawa ni jambo la nadra. Mbegu chache zilizoanguka katika maji mengi hazipati mahali pa kushika. Hatari ya bwawa iko nje ya maji: taulo moja kwa watoto watatu, kofia ya kuogelea ya kukodi ipitayo vichwa vya watu wote, chanuo moja penye kioo, na sakafu iliyolowa ya chumba cha kubadilishia nguo. Sakafu hiyo hueneza hasa kuvu ya miguu, ile ya katikati ya vidole. Na juu ya hiyo, mabwana, tusiwatazame watoto. Sisi tushindao ndani ya buti toka alfajiri mpaka jioni, tukaoga bila ndara penye bafu moja la kazini, sisi ndio tuipelekayo nyumbani. Mke afua soksi zetu pamoja na nguo za mtoto, kisha tunauliza choa kimetoka wapi.

Hatusemi ya kuwa kila bwawa ni zuri. Maji mjini Kitengela ni ghali, mengine ni ya kisima kirefu, mengine huletwa na bauza, na mwenye bwawa aweza kushawishika kuyaacha muda mrefu. Ulizeni kabla ya kuingia. Klorini isipungue miligramu moja katika kila lita, na mwenye bwawa ana haki ya kupima mbele yenu. Asipokuwa na kipimo, au kama hamwoni sakafu ya bwawa mkisimama ukingoni, rudini na watoto. Na kama yuko mtoto wa kuachwa nyumbani siku hiyo, ni yule anayehara, kwa kuwa viko vijidudu vya kuhara viwezavyo kuishi siku kadha wa kadha hata ndani ya klorini. Juu ya huyo hakuna aliyesimama katika mkutano uliopita akadai afutwe jina.

Wengine wamesema klorini itawaponya watoto. Haitawaponya. Wala mafuta ya taa, wala maji ya betri, ambayo tumesikia mtu amempaka mwanawe. Hayo huunguza ngozi na kuacha jeraha ambalo kuvu yenyewe isingeliacha.

Dawa iko. Choa cha mwilini hupona kwa dawa ya kupaka, kama klotrimazoli au terbinafini, mara moja au mbili kila siku kama ilivyoandikwa, wiki mbili mpaka nne. Msiache siku ile duara litakapopotea, endeleeni kidogo. Jihadharini na dawa za kupaka zenye steroidi ndani yake, ambazo huuzwa kwa urahisi. Siku tatu mwasho hutulia na mtu hufurahi, kumbe kuvu inanenepa chini kwa chini na kubadili sura hata daktari asiitambue.

Lakini mapunye ya kichwa hayasikii dawa ya kupaka, na hapa ndipo wengi wetu tumetupa fedha. Kuvu imeingia ndani ya unywele mpaka penye shina, na mafuta hayafiki huko. Hapana budi mtoto ameze dawa. Iliyo ya zamani ni griseofulvini. Iligunduliwa mwaka 1939, na watu wakaanza kutibiwa kwayo karibu na mwaka 1958. Kabla ya hapo, katika nchi nyingi, watoto wenye mapunye walipigwa miali ya eksirei kichwani mpaka nywele zote zikaanguka. Israeli peke yake maelfu ya watoto, wengi wao wa wahamiaji, walifanyiwa hivyo. Baadaye baadhi yao wakapata uvimbe wa ubongo na wa koo, na mwaka 1994 ikapitishwa sheria ya kuwalipa fidia. Ilichukua miaka zaidi ya thelathini. Wana chama wanaelewa fidia inavyotembea.

Griseofulvini humezwa wiki sita mpaka nane, pengine zaidi, kwa kipimo cha uzito wa mtoto, na hufanya kazi vizuri ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta. Huku kwetu maziwa hayahitaji kutafutwa mbali. Daktari aweza kuchagua terbinafini ya kumeza badala yake. Hilo ni lake. Kuna na sabuni za kichwa za dawa, kama zile za ketokonazoli, ambazo haziponyi peke yake ila hupunguza mbegu, na zafaa kwa nyumba nzima.

Wiki nane ndizo zinazotushinda. Mtu hununua vidonge vya siku kumi, kwa kuwa mshahara ndio uliosema kumi. Nywele zaanza kuota, mama ashukuru, dawa yaachwa, na baada ya mwezi twarudi tulikotoka. Twaiomba kamati, inapozungumza na waajiri juu ya matibabu ya jamaa zetu, iseme wazi kwamba dawa ya mtoto ilipwe mpaka iishe. Na mfuko wetu wa hapa ununue mashine mbili za kunyolea za akiba, ili moja ikipumzika ndani ya spiriti, baada ya kupigwa mswaki na kutolewa nywele zote, nyingine iwe kazini.

Shule nazo zisimfukuze mtoto aliyekwisha anza dawa. Madaktari hawaoni sababu ya kumkosesha masomo.

Watoto wetu watatu wako katika wiki ya tatu ya dawa. Twaomba majina yao yarudishwe leo, katika mkutano huu huu, kwa kuinua mikono. Kila mtoto aje na taulo lake, hata likiwa kipande cha kanga, na ndara zake, na chanuo lake kama ana nywele. Kofia zisiazimwe. Tena twataka watu wazima wanne wanaojua kuogelea, wasimame ukingoni wasiondoke hata kwa chai, maana kuvu haijamzamisha mtoto, lakini bwawa limezamisha wengi. Majina mawili tumekwisha yapata. Wawili wengine waandikishe kwa Karani kabla hamjatoka.