Klavie ya kwanza ya biro: tununue gani kwa pesa kidogo?

Maelezo tuliyoyatoa mbele ya mkutano wa wanachama, Mambasa



Kamati ilituomba sisi tunaotembea na chama hiki kwenye tereni tuseme juu ya kitu kidogo kilicholeta maneno mengi. Ni klavie ya ordinatere ya biro. Kuna ombi la dola 45 la kununua klavie ya mekanike, na mama mmoja aliuliza swali la haki: "Dola 45 ni pesa ya kusimama na familia yenye msiba. Sababu gani tuiweke kwa kitu cha kugongagonga?" Leo tunajibu swali hilo.

Tuanze na kazi yenyewe. Biro yetu inaandika majina. Familia ikirudi, tunaandika jina la mkubwa wa nyumba, hesabu ya watu, namba ya simu, kijiji walikotoka na avenyu wanakokaa sasa. Orodha hiyo inaenda kwa viongozi wa teritware, kwa kituo cha afya, na kwa mashirika yanayogawa vitu. Siku ya kugawa, ajenti anashika orodha mkono mmoja na kadi ya uchaguzi mkono mwingine. Jina lisipofanana, mtu anawekwa pembeni, "ungoje tuhakikishe". Ninyi wote mnajua kungoja huko kunafika wapi jua likishatua na gari likiondoka.

Tena majina yetu yanahitaji uangalifu. Kwa ndugu zetu Banande, jina la kwanza linafuata namna mtoto alivyozaliwa katika nyumba: Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule kwa wavulana, Masika na Kavira kwa wasichana. Kwa hiyo katika orodha moja unaweza kuwa na Kambale kumi. Kinachowatenganisha ni jina la pili. Herufi moja ikianguka pale, watu wawili wanakuwa mmoja, ao mmoja anapotea kabisa.

Sasa angalieni ordinatere yetu. Ni ya kubeba, iliyotumika mbele ya kufika kwetu, na kwenye klavie yake herufi E na N hazisikii vizuri. Unapiga mara tatu ndipo moja inaingia, ao zinaingia mbili. Tumejaribu kuchomeka klavie za bei ya chini, zile za dola 10 hivi. Tatu za mwisho, hakuna hata moja iliyomaliza miezi sita. Kila ikikufa, tunabeba karatasi mpaka kwa sekretaria ya barabarani na kulipa kwa kila ukurasa, na majina ya watu wetu yanapigwa na mtu asiyewajua.

Klavie ya dola 10 inakufa haraka sababu ya namna ilivyotengenezwa. Ndani yake kuna karatasi za plastiki zenye njia za umeme, na juu yake mpira mwepesi wenye vifuniko vidogo. Ukibonyeza kitufe, mpira unashuka na karatasi mbili zinagusana. Ni kazi nzuri kwa bei yake. Lakini mpira unachoka, na maji ao chai yenye sukari ikiingia katikati ya zile karatasi, mara nyingi herufi nyingi zinakufa pamoja. Huwezi kutengeneza herufi moja peke yake. Unatupa yote.

Klavie ya mekanike ni tofauti. Chini ya kila kitufe kuna swichi yake, kisanduku kidogo chenye springi, kipande cha plastiki kinachoshuka, na vipande viwili vya chuma vinavyogusana. Kampuni ya Ujerumani, Cherry, ndiyo iliyotoa aina ya MX inayofuatwa mpaka leo, tangu miaka ya 1980. Zamani zilikuwa za bei kali. Haki ya ubunifu ule ilipoisha, viwanda vya Uchina kama Gateron, Kailh na Outemu vilijaa sokoni na bei ikashuka. Ndiyo sababu leo chama cha watu wadogo kinaweza kuizungumzia. Watengenezaji wanaandika kwamba swichi moja inaweza kubonyezwa mara milioni 50 ao zaidi, wakati ile ya mpira inahesabiwa kati ya milioni 5 na 10.

Wazee wetu waliofanya kazi ya serikali hawatashangaa. Masini ya kupigia barua, ile ya chuma, ilikuwa hivyo: kila herufi na mkono wake, moja ikikwama fundi anaitengeneza yenyewe.

Basi, kama ni kununua, tuchague namna gani? Tunaweka mambo kwa mfuatano, la kwanza ndilo lenye uzito kupita yote.

La kwanza ni herufi. Sisi tunapiga AZERTY, iliyokuja na Wabelgiji na Kifaransa cha biro. Lakini bidhaa nyingi za Bunia na Beni zinapitia Uganda, kwa Mahagi ao Kasindi, na Uganda wanapiga QWERTY. Ukichomeka klavie ya QWERTY kwenye ordinatere iliyopangwa kwa Kifaransa, na ukafuata herufi unazoziona kwa macho, jina Zawadi linatoka Wqzqdi. Kambale linatoka Kq,bqle, sababu hata M haiko fasi yake. Mtu anayepiga bila kutazama vitufe hatasumbuka. Lakini wapigaji wetu wanne wa kujitolea bado wanatazama.

Wengine watasema, tung'oe vifuniko vya herufi na kuvibadilisha fasi. Inawezekana, lakini kwenye klavie nyingi vifuniko vya mistari tofauti haviko na urefu mmoja wala mteremko mmoja. Ukipandisha A mstari wa juu na kushusha Q, vidole vinajikwaa kila mara. Tena klavie ya Ulaya iko na vitufe 105, ya Marekani 104. Kinachokosekana ni kile cha alama < na >, karibu na W. Kama AZERTY imekosekana kabisa, afadhali kubandika karatasi ndogo za herufi juu ya QWERTY kuliko kubadilisha vifuniko.

La pili ni namba. Kwenye AZERTY, ukitaka 1, 2, 3 za mstari wa juu lazima ushike kwanza kitufe cha herufi kubwa. Sisi tunaandika namba za simu na hesabu za watu mchana kutwa. Kwa hiyo tuchukue klavie nzima, yenye kiwanja cha namba upande wa kuume. Zile fupi zinazopendwa na vijana ni nzuri kwa michezo, na zinachukua nafasi ndogo mezani, lakini kwa orodha zetu hazifai.

La tatu ni kutengeneza. Kuna klavie ambazo swichi zimelehemiwa kwenye sahani ya ndani, na kuna zile ambazo swichi zinang'olewa kwa koleo ndogo na kurudishwa kwa mkono. Tuulize hizi za pili. Swichi ya E ikifa, unaing'oa na kuweka ile ya kitufe kisichotumika, sawa vile F9, na kazi inaendelea siku hiyohiyo. Zile za kulehemu, fundi wa simu anaweza kusude, lakini utalipa na kungoja.

La nne ni sauti na uzito. Swichi zinaitwa kwa rangi. Nyekundu inashuka moja kwa moja bila kukwama. Ya rangi ya udongo iko na kigongo kidogo cha kuonyesha kidole kwamba herufi imeingia. Ya buluu iko na kigongo na mlio, tak tak. Swichi nyingi zinashuka milimita 4, na herufi inaingia karibu na milimita 2, kwa hiyo hakuna haja ya kupiga kwa nguvu mpaka chini. Biro yetu ni chumba kimoja, na pembeni ya meza ya ordinatere ndipo mama anakaa kueleza yaliyompata njiani. Mlio wa tak tak wakati mtu analia si heshima. Tunashauri ya udongo, ao nyekundu ikikosekana.

La tano ni taa. Zile za rangi zinazowaka chini ya vitufe, tusizilipie. USB ya kawaida inatoa volti 5 na mpaka nusu ampea, ndiyo kusema wati 2 na nusu kwa mwisho. Ni kidogo, lakini sisi tunakula umeme wa sola, na jua la Mambasa mvua ikianza mnalijua. Kama taa zimo, tuzizime. Na tuchukue yenye waya. Ile isiyo na waya inaomba betri ao kuchajiwa.

Tukifika dukani Bunia, tusitoe pesa mbele ya kuijaribu. Tubebe ordinatere yetu wenyewe. Tuchomeke, tufungue ukurasa mweupe, tupige kila kitufe mara kumi, mmoja kwa mmoja. Kama unapiga mara moja na herufi zinatoka mbili, swichi hiyo ni mbovu, tuache. Tutazame chini kulia ya kioo kama imeandikwa FRA ao ENG, kwa maana wauzaji wengine wanasema "imeharibika" na kumbe lugha tu ndiyo imebadilika. Kwenye Windows za siku hizi, kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi vinaigeuza. Tung'oe kifuniko kimoja na swichi moja, tuone kama kweli zinatoka. Na tuombe risiti, wafadhili wanaihitaji na sisi tunaihitaji.

Ikifika hapa, vumbi ya barabara ndiyo adui. Kila jioni, kipande cha kitenge juu yake. Kila Ijumaa, kuigeuza kichwa chini na kupiga brashi kavu. Chai inakaa meza nyingine.

Sasa turudi kwa swali la mama, la pesa. Hesabu yetu ni hii. Klavie za dola 10, kama kila moja inaishi miezi sita, kwa miaka miwili ni nne, dola 40. Kwa hiyo ya dola 45 itatuletea faida ya pesa ikivuka miaka miwili tu, na hatuwezi kuwaahidi kwamba itavuka. Faida ya karibu iko pengine: kutolipa kila ukurasa kwa sekretaria. Mwekahazina yuko na risiti za miezi iliyopita. Tunaomba azisome mbele yenu mbele ya kupiga kura, ninyi wenyewe mhesabu.

Na tunaomba mambo mawili. Moja, pesa hiyo isitoke katika mfuko wa msiba, hata kwa mkopo. Itoke katika pesa ya kazi za biro, na kama haitoshi, tungoje. La pili, ikiwa dukani haipatikani yenye AZERTY, kiwanja cha namba na swichi za kung'olewa kwa bei hiyo, basi swichi za kung'olewa tuziache, lakini AZERTY na namba tusiziache. Ikikosekana hata hivyo, tununue ya kawaida ya dola 10 yenye herufi zetu na turudi nyumbani bila haya. Mtu anayeandika barua moja kwa mwezi hahitaji zaidi ya hiyo.

Klavie nzuri haisomi. Kambale akiandikwa Kambele kwa uvivu wa macho, swichi ya Ujerumani haitamsaidia. Kwa hiyo tunashauri desturi moja isiyo na bei: kila orodha, mbele ya kutoka biro, mtu mmoja aisome kwa sauti, na mwingine ashike kadi ama fishe ya familia na kuitika. Hiyo tunaweza kuianza kesho asubuhi, hata na klavie hii iliyochoka.

Sasa mwekahazina asome risiti.