CHETI GANI KWANZA KWA ANAYETAKA UKARANI WA HESABU?

Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika darasa la jioni la tawi letu



Tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo wengi wenu mmelileta afisini mmoja mmoja. Mtu amemaliza kidato cha nne, leo anabeba mizigo au anagawa vifaa stoo, na angependa kuwa karani wa hesabu. Aanze na cheti gani? Vyeti ni vingi, na kila mwenye kuuza masomo asema chake ndicho bora. Lakini kabla ya kujibu yafaa tuwakumbushe aibu iliyotupata sisi wenyewe.

Tawi letu lilikuwa na mweka hazina ambaye kila mtu alimwamini. Risiti alizitia katika mkebe wa biskuti, na pesa alizotoa kwa nauli na matanga aliziandika nyuma ya bahasha. Alipokuja mkaguzi wa hesabu akauliza, "Hizi elfu kumi na nane zilikwenda wapi?" mzee wetu akatoka jasho. Alijua zilikokwenda. Sisi sote tulijua: zilikwenda katika mazishi ya mwenzetu. Lakini hapakuwa na vocha wala sahihi ya aliyepokea. Kwa miezi miwili watu walimwita mwizi, mpaka tukaitafuta ile jamaa huko kwao waje waseme kwamba walipokea. Hakuiba hata senti moja. Hakuwa amefunzwa, na sisi ndio tuliompa kazi bila ya kumfunza. Tena Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 yataka kila chama cha wafanyi kazi kiweke vitabu vya hesabu, vikaguliwe kila mwaka, na taarifa ipelekwe kwa Msajili. Basi mtu anayeijua kazi hii si wa tajiri peke yake. Twamhitaji hapa.

Kazi yenyewe ni nini? Wengine wadhani ni kujumlisha upesi. Kujumlisha hata simu yako hujumlisha. Karani wa hesabu huandika kila shilingi mahali pawili, ilikotoka na ilikokwenda. Duka la vifaa vya ujenzi likinunua mifuko 50 ya saruji kwa shilingi 700 kila mmoja, lisilipe siku hiyo, shilingi 35,000 huandikwa upande wa debiti katika hesabu ya manunuzi, na shilingi 35,000 hizo hizo upande wa krediti katika hesabu ya yule aliyeuza. Wakimlipa 20,000 kwa hundi, deni lake hupungua na pesa za benki hupungua. Mwisho wa mwezi anawadai 15,000, na leja yasema hivyo bila ya mtu yeyote kukumbuka. Njia hii si ya jana. Mtawa mmoja wa Italia, Luca Pacioli, aliieleza katika kitabu kilichopigwa chapa Venice mwaka wa 1494, na hata yeye hakuibuni; aliandika yale ambayo wafanya biashara wa mji ule walikuwa wakiyafanya.

Kuna mtego hapa. Pande mbili zikilingana, karani mchanga hufurahi akafunga kitabu. Lakini risiti iliyosahauliwa kabisa haikuandikwa upande huu wala ule, na pande hubaki zimelingana vile vile! Kwa hiyo hana budi kuhesabu pesa zilizo sandukuni, na kuweka daftari lake kando ya taarifa ya benki, akapita mstari kwa mstari. Masomo yasiyokufunza kazi hiyo hayakukufunza kitu, hata kama cheti chake kina muhuri wa rangi ya dhahabu.

Halafu kuna mishahara, na hapa ndipo cheti cha ng'ambo kinapoweza kumwacha mtu njiani. Chukueni mfanyi kazi wa shilingi 30,000 kwa mwezi. Tangu Oktoba 2024 mchango wa bima ya afya ya jamii ni asilimia 2.75 ya mshahara wote, yaani shilingi 825. Ada ya nyumba ni asilimia 1.5, yaani shilingi 450, na tajiri naye hutoa 450 yake mwenyewe, asimkate mfanyi kazi. Kuna NSSF. Kuna kodi ya PAYE, ambayo haina budi kufika serikalini si zaidi ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Karani asiyeyajua haya humtia tajiri katika faini, na hilo ni shauri lao wawili. Lakini hukutia wewe katika taabu siku unapompeleka mtoto hospitali ukaambiwa michango yako haionekani. Mtu aliyesoma kodi za Uingereza kwa miaka miwili ni msomi, hatumdharau, ila mezani kwetu itampasa kuanza upya.

Sasa jibu letu. Kwa mtu aliye kazini, mwenye mshahara mdogo na jioni chache, twasema aanze na diploma ya ufundi wa hesabu ya KASNEB, ile iitwayo ATD. Bodi hiyo iliundwa na serikali mwaka wa 1969. Kabla yake wazee wetu waliotaka ukarani walikuwa wakifanya mitihani iliyotungwa Uingereza, kama ile ya London Chamber of Commerce na ya Royal Society of Arts, na majibu yakangojwa kutoka huko. Leo mtihani watungwa Nairobi, na kodi unayoulizwa ni ile inayokatwa katika mshahara wako.

Sababu yetu kubwa ni mlango. Kwa ATD hutakiwa wastani wa C- katika mtihani wa kidato cha nne. Kwa CPA, cheti cha wahasibu wakubwa, hutakiwa C+. Wengi wenu mlipata C- au C, mkaambiwa hesabu si njia yenu, mkaenda zenu godauni. Mliambiwa vibaya. Mtu akimaliza ATD, hiyo ATD yenyewe humfungulia CPA, na hakuna atakayemwuliza tena juu ya ile C- ya zamani. Naye aliyepata chini ya C- asikate tamaa. Bodi hiyo hiyo ina cheti cha chini yake kiitwacho CAMS, ambacho mwenye cheti cha kidato cha nne huweza kuanza nacho.

Mtauliza, na aliye na C+ mbona asiende CPA moja kwa moja? Katika kamati hatukukubaliana juu ya hili, na tulibishana mpaka chai ikapoa. Kijana aliye nyumbani, analipiwa na wazazi, hana mtoto wa kumlisha, na aende, asipoteze muda. Lakini mtu wa zamu ya usiku tumemwona mara nyingi mno. Hujiandikisha CPA kwa sababu ya jina, huanguka mtihani wa kwanza, hulipa tena, huanguka tena, kisha huacha akiwa hana hata karatasi moja ya kuonyesha. Aliyepitia ATD akisimama njiani kwa ajili ya ugonjwa au karo ya watoto, ana cheti mkononi, na karani wa malipo aweza kuwa. Ila asijiite mkaguzi wa hesabu. Kazi ya ukaguzi, chini ya Sheria ya Wahasibu ya 2008, ni ya wale walioandikishwa na ICPAK na kupewa ruhusa ya kuifanya.

Diploma ya uhasibu inayofundishwa katika vyuo vya ufundi nayo ni nzuri kwa anayeweza kukaa darasani mchana. Masomo mafupi ya programu za kompyuta, kama QuickBooks na Sage, yafaa baadaye. Kompyuta itaandika upande wowote utakaoiambia, hata ukiwa upande wa makosa, na haitakuonea haya.

Jambo linalotuuma zaidi ni karo. Mwenzetu mmoja alikopa katika chama cha akiba akalipa shule moja ya ghorofani iliyoahidi diploma ya uhasibu kwa miezi mitatu. Alipewa karatasi yenye picha ya tai. Alipoipeleka kwa tajiri akaulizwa, "Bodi gani ilikutahini?" hakuwa na la kujibu. Tulikwenda naye kudai pesa, tukakuta chumba kile kimekuwa cha kinyozi. Mkopo aliendelea kuulipa mwaka mzima, akikatwa kila mwezi.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa shilingi, ulizeni kama chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka iliyowekwa na sheria ya 2013. Jueni pia kwamba chuo hufundisha tu, na bodi ndiyo hutahini. Ni mambo mawili, na malipo mawili. Jiandikisheni kwa bodi kwa jina lenu wenyewe, mpate nambari yenu, na ada ya mtihani ilipwe kwa bodi, isipitie mfukoni mwa mwalimu. Anayewaambia "nipe mimi nitakufanyia" mwacheni na adabu zenu zote.

Na msingoje cheti ndipo muanze kazi. Tajiri akitangaza nafasi hupenda kuuliza umefanya wapi, na hilo ndilo linalowashinda vijana wengi wenye vyeti vizuri. Vikundi vya akina mama, vyama vya matanga, makanisa na misikiti, vyote vina daftari lililochanika na mtu mmoja aliyechoka kuliandika. Ombeni mlishike. Miezi sita ya daftari safi, lenye vocha zenye nambari na sahihi, ni kitu cha kuweka mezani mbele ya mtu.

Sisi wa kamati twaanza na letu. Jumamosi saa nane wale wanaotaka kujiandikisha walete vyeti vyao vya kidato cha nne, vile vyenyewe, si picha katika simu, tuviangalie pamoja tujue nani aanze ATD na nani aanze chini yake. Mweka hazina ataleta vocha za mwezi uliopita na daftari jipya la fedha. Kila mmoja aje na kalamu ya risasi na raba.