Jaa na Visima Vyetu

Ndugu zetu wa Makunduchi, mlioko nyumbani na mlioko ugenini,

Kila tukizungumzia jaa la taka hutajwa yale mashimo yaliyokwisha kuchimbwa mawe: yapo tayari, hayana gharama. Sisi tunaona hapo ndipo pabaya kuliko pote. Ardhi yetu ni jiwe la matumbawe, lenye nyufa na mapango. Mvua ya masika haikai juu. Inazama upesi mpaka kwenye maji matamu, yale yanayoelea juu ya maji ya bahari. Udongo wa kuyachuja ni haba, na shimoni hata huo umeshaondolewa. Mabetri na pampasi (nazo siku hizi hazihesabiki) zikitupwa humo, uchafu wake utafika visimani.

Kwa hiyo kwanza apatikane mtaalamu apime: maji yako kina gani, yanaelekea wapi. Jaa likae mahali ambapo maji yameshavipita visima. Lakini mbele yake ni pwani, na kinamama wana mwani wao huko. Lazima sakafu itandikwe udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa na plastiki nzito. Udongo huo utaletwa kwa lori.

Mchango wa mwaka huu tunauomba kwa kazi hizo, kipimo na sakafu, kabla gari la kwanza la taka halijamwaga.