Faraja ya Waliorudi

Isaya 40 inawafariji watu ambao mji wao, Yerusalemu, uliteketezwa na Wababeli mwaka 586 K.K. Koreshi alipowapa ruhusa ya kurudi, kitabu cha Ezra kinawahesabu hata waimbaji: wana wa Asafu, 128. Sisi wanakwaya tunaipenda sana hesabu hiyo!

Msingi wa hekalu ulipowekwa, walisimama wakiwa na matoazi. Wengi walipaza sauti kwa shangwe, lakini wazee waliolikumbuka hekalu la kwanza walilia sana, hata watu wasiweze kupambanua kilio na shangwe.

Leo tukiimba, mkiwaona waanzilishi wetu pale mbele wakifuta machozi, msiwanyamazishe. Wanawakumbuka wenzao tuliowazika.