Kabalega na Chumvi ya Katwe
(Maneno yaliyosemwa Butembo, mbele ya wafanyakazi wa mugodi na watu wa mji)

Wandugu, na ninyi mama zetu wa soko,

Shuleni kwa wamisionari tulipigwa fimbo juu ya wafalme wa Uingereza. William alishinda vita mwaka 1066. John aligombana na mabwana wa inchi yake, wakamlazimisha kutia muhuri barua ya haki mwaka 1215. Hata leo ninayajua kama daftari la mishahara. Lakini nani alitutajia Kabalega wa Bunyoro? Asikari wake walishika Katwe, kule wazee wetu walikovuka Semliki kutafuta chumvi!

Alishika ufalme karibu na mwaka 1870. Yeye pia alikuwa na mabwana wenye kiburi. Basi akaunda jeshi lake, abarusura, akaweka ndani yake watu wadogo na wageni, wakubwa wakapungua nguvu. Watu wa Toro hawamsifu. Wanakumbuka ng'ombe na watu waliotekwa. Tusifiche hilo.

Mwaka 1872 Baker alisimama Masindi akasema inchi ni ya Misri. Wanyoro wakamfukuza. Halafu Waingereza wakaja na Waganda, naye akapigana miaka mingi porini. Tarehe 9 Aprili 1899 alikamatwa pamoja na Mwanga wa Buganda, adui wake wa zamani. Mkono uliopigwa risasi ulikatwa. Wakampeleka visiwa vya Seychelles.

Mwaka 1923 wakamruhusu kurudi, mzee. Alifia Jinja, hajaiona Bunyoro.